UZI: Bunge la jimbo lina meno kiasi gani? Tuanzie City Hall, tuzunguke hadi Lagos, Texas na Uttar Pradesh

#1 Kifungu185

Wadau, kila gavana na MCA (wajumbe wa bunge la kaunti) wanapovutana hapa Nairobi, lazima atokee mtu aseme "kwenye nchi za majimbo bunge kama hili halichezewi." Haya, tuchambue. Nguvu gani hasa, na zimeandikwa wapi?

Kwanza tuelewane kwa maneno. Jimbo ninalolisema hapa si eneo bunge. Ni sehemu ya nchi ya shirikisho yenye serikali yake na bunge lake, na mara nyingi katiba na mahakama zake pia. Kenya si shirikisho. Ni nchi moja iliyogatua mamlaka: kaunti 47, wadi 1,450, kila kaunti na bunge lake, lakini hakuna kaunti yenye katiba wala majaji wake. Majimbo yenyewe tuliyaonja 1963, mikoa saba ikiwa na mabunge yake. Nguvu zake zikanyofolewa upesi, na Seneti ikafuatia 1966.

Mimi huwa sianzi na idadi ya wajumbe wala ukubwa wa jumba. Huanza na mabaki: jambo ambalo katiba haikulitaja ni la nani?

Kwetu, Kifungu cha 186(3) cha Katiba ya 2010 kinajibu waziwazi: kisichokabidhiwa kaunti ni cha serikali ya kitaifa. Marekani ni kinyume, Rekebisho la Kumi la Katiba yao linayaachia majimbo kila ambacho hakikukabidhiwa Washington. Ndiyo maana sheria nyingi za jinai, ndoa, ardhi, shule na leseni za udaktari hutungwa na majimbo. India ni shirikisho, lakini mabaki yamekwenda kwa serikali kuu (Kifungu cha 248).

Nigeria ndiyo inayopotosha watu. Kwenye karatasi mabaki ni ya majimbo. Lakini orodha ya mambo yasiyoguswa na jimbo ilipoandikwa katika Katiba ya 1999 ilikuwa na vipengele 68, polisi wakiwemo. Ukiondoa hivyo 68, sahani inabaki na makombo. Rekebisho la 2023 ndilo lililoyafungulia majimbo mlango kwenye reli na umeme. Kwa hiyo kuambiwa "mabaki ni yenu" hakutoshi, uliza pia chungu kiliachwa na nini.

#2 HesabuZaWadi

Naongeza idadi, maana watu hudhani kila bunge la jimbo ni Bunge la Kitaifa dogo.

Nigeria: majimbo 36, kila moja na bunge moja tu, hakuna seneti ya jimbo. Wajumbe hawapungui 24 wala hawazidi 40. Lagos imefika kikomo, 40. Nairobi peke yake ina wadi 85, ongeza walioteuliwa ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, pamoja na wawakilishi wa makundi yaliyotengwa, unavuka 120. Jiji lenye watu wengi zaidi lina wajumbe theluthi moja ya wetu.

Marekani: majimbo 49 yana mabunge mawili mawili. Nebraska pekee ina moja tangu 1937, maseneta 49, na kwenye karatasi ya kura vyama havionyeshwi. New Hampshire ina wajumbe 400 katika bunge la chini, na mshahara wao ni dola 100 kwa mwaka. Mia moja, si laki. Texas hukutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili.

India: mabunge mengi ya majimbo ni ya chumba kimoja, sita ndiyo yana viwili. Uttar Pradesh ina viti 403 kwenye chumba cha chini.

Wingi wa wajumbe hauongezi meno. Unapunguza bei ya mjumbe mmoja. Kwenye bunge la watu 30 ukiwashika 11 umezuia theluthi mbili inayohitajika kumshinda au kumng'oa gavana. Hapo utaelewa kwa nini magavana wengi wa Nigeria hulala usingizi.

#3 Karani_wa_Meza

Hesabu nzuri, mkuu. Ila meno ya bunge huonekana kwenye njia ya mswada. Nitaeleza ya kaunti. Kanuni za kudumu zinatofautiana kidogo kutoka bunge moja hadi jingine, lakini mifupa ni ile ile.

Mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Unasubiri siku za kukomaa (muda wa lazima kabla ya kusomwa), kisha unasomwa mara ya kwanza, ambapo karani husoma jina tu, hakuna mjadala. Hapo hapo unakwenda kwa kamati husika, na kamati ndiyo inayoshirikisha umma kabla ya kuleta ripoti. Ukisomwa mara ya pili, mnajadili wazo: tunataka sheria hii au hatuitaki? Vifungu havibadilishwi hapo. MCA anayesimama kwenye usomaji wa pili akisema "kifungu cha 12 kiondolewe" anapoteza dakika zake.

Vifungu hubadilishwa kwenye Kamati ya Bunge Zima. Spika huondoka kitini, siwa inashushwa kwenye vishikio vya chini vya meza, na mwenyekiti wa kamati anaketi mezani pamoja na makarani. (Siwa hii ni rungu la bunge. Watu wa Lamu na Pate wakisema siwa wanamaanisha baragumu, nalo pia lilikuwa alama ya mamlaka. Jina tumelirithi, sauti tukaiacha.)

Angalieni mpangilio, maana wengi hawaujui. Vifungu vinapigiwa kura kuanzia cha 3 kwenda mbele, kisha vifungu vipya, kisha majedwali. Kifungu cha 2, chenye ufafanuzi wa maneno, hurudiwa mwishoni, halafu jina refu, na kifungu cha 1 ndicho cha mwisho kabisa. Sababu ni ya fundi cherehani: huwezi kukata kola kabla hujajua shingo. Mkiongeza neno "kituo cha bodaboda" kwenye kifungu cha 17, lazima ufafanuzi ulifuate. Kama kifungu cha 2 kingekuwa kimeshapita, mngebaki na sheria inayoadhibu kitu isichokieleza.

Hilo ndilo kosa linalojirudia: rekebisho linaletwa dakika za mwisho, kifungu kinabadilika, ufafanuzi na jedwali la adhabu vinasahaulika. Wakili wa kwanza atakayekwenda mahakamani ataanzia hapo.

Baada ya kamati, ripoti, kisha kusomwa mara ya tatu. Umepita.

#4 Mtaa_wa_Pili

Na gavana akiukalia? Tuseme hapendi mswada, anaufungia tu kwenye droo.

#5 Kifungu185

Droo haipo, na hapa ndipo wengi watashangaa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 24. Spika ana siku 14 kumpelekea gavana mswada. Gavana ana siku 14: atie sahihi, au aurudishe na waraka wa sababu. Akinyamaza, siku zikiisha mswada unahesabiwa kuwa umetiwa sahihi. Akiurudisha, bunge lina njia mbili. Likubali anayoyataka, au likatae kwa theluthi mbili ya wajumbe wote. Katika bunge la wajumbe 123 hiyo ni 82, wasiohudhuria wakihesabiwa upande wa gavana bila kupiga kura. Ukipita hivyo unarudi kwake, ana siku 7, na mlango wa kuurudisha tena umefungwa.

Sasa linganisha na Nigeria. Gavana ana siku 30. Akikataa, bunge la jimbo linaweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili na sahihi yake haihitajiki. Lakini akinyamaza, ukimya haugeuki sahihi. Ni lazima wajumbe waamke wapige kura tena. Kwenye jambo hili moja MCA wa Nairobi ana silaha ambayo mjumbe wa Lagos hana.

Texas wana ujanja wa kalenda. Bunge likiwa linakaa, gavana ana siku 10 bila kuhesabu Jumapili, na akinyamaza mswada unakuwa sheria. Bunge likishafunga, anapata siku 20. Miswada mingi hupita wiki za mwisho, kwa hiyo kura yake ya turufu hutoka wakati wajumbe wameshakwenda nyumbani, na hawana uwezo wa kujiitisha wenyewe. Theluthi mbili ipo kwenye katiba, lakini hakuna kikao cha kuitumia.

India ni ngumu zaidi: gavana wa jimbo hachaguliwi na wananchi, huteuliwa na Rais, na anaweza kuuweka mswada kando usubiri uamuzi wa Rais. Yaani bunge la jimbo linapitisha, na mtu wa serikali kuu ndiye aliyeshika mlango.

Kitu kingine: magavana wa majimbo 44 ya Marekani wanaweza kuchomoa kipengele kimoja cha matumizi wakaacha bajeti ipite. Gavana wa kaunti hana mkasi huo. Anarudisha mswada mzima.

#6 HesabuZaWadi

Sasa tuje kwenye mfuko. Hapo ndipo MCA hulia.

Kalenda ya kaunti chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kufikia Septemba 1. Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 kuuidhinisha. Makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Matumizi yaidhinishwe kabla ya Juni 30. Mswada wa Fedha, ule wa ada na kodi, ndani ya siku 90 baada ya kuidhinishwa kwa matumizi.

Vita halisi ni Februari, na karibu kila mtu hujitokeza Juni. Waraka wa Mkakati ndio unaoweka ukomo wa kila idara. Ukishapita, kanuni za 2015 zinasema bunge haliwezi kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Idara yenye ukomo wa shilingi milioni 800: MCA wote kwa pamoja wanasogeza milioni 8, basi. Na ukiongeza hapa lazima useme unapunguza wapi.

Kuna mtego mwingine nyuma yake. Fedha haziwezi kutengwa nje ya mipango ya kaunti. Kwa hiyo barabara ya mtaa ambayo haikuingia kwenye mpango wa Septemba, mjumbe akiidai Juni, amechelewa miezi tisa. Atapiga kelele, kamera zitamchukua, na barabara haitaingia.

Bajeti ikipita bado pesa haitoki mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, naye ni ofisi ya kitaifa. Texas wana mlinzi pia, ila yeye amewekwa mbele: bajeti ya miaka miwili hupelekwa kwanza kwa mkaguzi wa mapato wa jimbo athibitishe kwamba fedha zitatosha, ndipo imfikie gavana. Na huyo ni ofisa wa jimbo lenyewe, cheo chake huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo.

#7 Mtaa_wa_Pili

Asilimia 1? Sasa wanakaa hapo City Hall kufanya nini mwaka mzima bana.

#8 Karani_wa_Meza

Kusimamia, ndugu yangu. Kifungu cha 195 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti na kamati zake uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita yeyote atoe ushahidi au alete nyaraka. Waziri wa kaunti hapati kiti kabla ya kuhojiwa na kuidhinishwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hutua kwenye kamati ya hesabu. Kamati inayojua kazi yake haiulizi "mbona mradi umekwama?" Inaomba mkataba, hati za malipo na cheti cha mhandisi, kisha inauliza kwa nini malipo yametangulia cheti. Swali la kwanza linajibiwa kwa hotuba. La pili halijibiki hivyo.

#9 Msomaji_Eastlands

Na kumng'oa gavana? Nasikia kule Nigeria bunge la jimbo linamaliza kazi lenyewe, hapa lazima muende Seneti. Je, si ndiyo tofauti kubwa?

#10 Kifungu185

Ndiyo, umegusa penyewe, dada au kaka.

Hapa hoja haianzi bila saini za theluthi moja ya wajumbe wote. Ikipata theluthi mbili, spika ana siku 2 kumjulisha Spika wa Seneti, ambaye naye ana siku 7 kuitisha kikao. Seneti husikiliza yenyewe au huunda kamati ya maseneta 11 yenye siku 10. Wakati wote huo gavana bado ni gavana. Seneti ikimwokoa, bunge la kaunti lisubiri miezi mitatu kabla ya kujaribu tena.

Mnamo Desemba 3, 2020, wajumbe 88 wa Nairobi waliidhinisha hoja dhidi ya Mike Sonko, gavana wa wakati huo. Desemba 17 Seneti ikakubali kwa kura 27 dhidi ya 16. Wajumbe 88 walifungua jalada, kura 27 zikalifunga.

Nigeria hufanya yote jimboni: theluthi moja wanaleta notisi, theluthi mbili wanaamua uchunguzi uwepo, Jaji Mkuu wa jimbo anaunda jopo la watu saba lenye miezi mitatu, na likithibitisha mashtaka bunge lina siku 14 kumalizia kwa theluthi mbili nyingine. Jopo likisema hakuna kosa, mambo yameishia hapo. Mahali panapovunjika ni uteuzi wa hao saba; mahakama zimewahi kubatilisha uondoaji kwa sababu hatua zilirukwa.

Marekani, bunge la chini la jimbo hushtaki, seneti ya jimbo huhukumu. Illinois ilimwondoa Rod Blagojevich Januari 2009 kwa kura 59 bila hata moja ya kupinga, na Washington haikuulizwa neno.

Basi ukitaka kipimo cha haraka cha shirikisho, angalia anayepiga kura ya mwisho ya kumtoa gavana anatoka wapi.

#11 HesabuZaWadi

Nakubali, ila nitapinga kidogo kipimo hicho. India ni shirikisho na gavana huondolewa na Rais. Tena serikali kuu ikitumia Kifungu cha 356, jimbo zima huwekwa chini ya Rais, na bunge lake linaweza hata kuvunjwa. Kaunti yetu kusimamishwa ni kazi ngumu zaidi: isipokuwa kwenye dharura ya vita au machafuko ya ndani, Kifungu cha 192 kinataka tume huru ya uchunguzi, na Seneti iidhinishe. Kwa hiyo kuna mashirikisho ambamo jimbo liko uchi kuliko kaunti.

#12 Kifungu185

Hapo umenipata. Naondoa "kipimo", nabakisha "dalili".

#13 Msomaji_Eastlands

Sheria ya kaunti ikigongana na ya taifa, ya taifa ndiyo inashinda moja kwa moja, sivyo?

#14 Karani_wa_Meza

Sivyo, na hata mawakili huteleza hapa. Kifungu cha 191 kinaipa sheria ya taifa ushindi ikitimiza masharti: kwa mfano jambo linahitaji kanuni moja nchi nzima na sheria hiyo imeziweka, au inazuia kaunti moja kuumiza nyingine. Isipotimiza, ya kaunti ndiyo inatawala. Tena sheria iliyoshindwa haifutwi. Inalala, kwa kiasi kile tu cha mgongano. Ile ya taifa ikiondolewa kesho, ya kaunti inaamka.

Kinachoua sheria za kaunti mara nyingi si mgongano, ni mchakato. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba ada zilikuwa mbaya.

#15 Msomaji_Eastlands

Mtu wa kawaida wa Umoja au Kayole aingize neno vipi kwenye mswada, mbali na kwenda ukumbini kupiga makofi?

#16 Karani_wa_Meza

Peleka maandishi. Ukumbini utapewa dakika mbili na maneno yako yataandikwa "mkazi mmoja alilalamikia maegesho".

Tangazo likitoka, pata mswada wenyewe, si muhtasari wake. Andika kwa Karani wa Bunge, taja jina la mswada, kisha nenda kifungu kwa kifungu. Kila pendekezo liwe na nambari ya kifungu, maneno unayotaka yaondoke, maneno ya kuweka badala yake, na sababu kwa sentensi mbili au tatu. Mfano: "Jedwali la Pili, kipengele cha 4: futa 'kila gari', weka 'kila gari lenye abiria zaidi ya 14'." Maneno kama hayo kamati inaweza kuyachukua kama yalivyo ikayaleta Kamati ya Bunge Zima. Ukiandika "tunaomba mtuhurumie", hakuna kifungu cha huruma cha kurekebisha.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Ripoti ya kamati ikiwasilishwa, itafute uone kama wametaja hoja yako na sababu za kuikataa. Wasipoitaja kabisa, ile nakala yenye muhuri ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiomba wakili.

Na kama hakuna mswada bado, sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kuleta ombi bungeni kwa jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Nalo anza kwa Karani.